Breki Hazionekani kwa Macho, Afande

Nimechoka, na ninajua wewe unayesoma hapa umechoka vilevile. Tofauti ni kwamba wewe umeshazoea.

Umezoea kuona sare nyeupe katikati ya barabara na mkono umenyooshwa mbele yako. Unapaki pembeni, unashusha kioo, unaamkia "shikamoo afande" hata kama afande ni rika la mwanao. Kisha unakaa kimya huku analizunguka gari lako. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Hatafuti kosa alilokuona ukilitenda. Anatafuta kosa lolote.

Akilikosa kwenye leseni, akalikosa kwenye bima, akalikosa kwenye mtungi wa kuzimia moto na pembetatu, bado hajakata tamaa. Anatazama vioo. Anatazama taa. Anagusa rimu, anainama kuchungulia springi, anakuambia upige resi kidogo asikie bomba la moshi. Halafu anainuka na kutamka: "Gari hili umelifanyia modifikesheni."

Basi, umekwisha.

Umelibadilisha kwa kiasi gani? Hasemi. Umevuka kipimo gani? Hasemi. Hicho kipimo anacho? Hana. Alichonacho ni macho mawili, mashine ya kuandikia faini na mamlaka ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Macho yanahukumu, mashine inachapa karatasi yenye namba ya malipo, na wewe unadaiwa Sh30,000. Hiyo ni kwa kosa moja. Akiona mawili, zidisha mwenyewe.

Na wewe unalipa. Tena ukiachiwa uende, unashukuru! Unashukuru nini?

Nianze kwa kusema hili, maana najua kuna watakaonirukia. Sitetei kila kitu kinachofungwa kwenye magari yetu. Zile taa nyeupe kali wanazofunga vijana siku hizi ni balaa. Mtu anakuja mbele yako usiku pale Chalinze, amekuwashia mwanga unaokupofusha, kwa sekunde kadhaa unaendesha huoni kitu. Huyo akamatwe. Anayefunga vimulimuli na king'ora wakati si askari, si zimamoto, si gari la wagonjwa, naye akamatwe. Na mwenye Noah au Probox ya mchomoko, aliyeongeza siti mpaka kwenye buti na kuwapanga abiria humo wakiwa wamekunja magoti hadi kidevuni, huyo asiandikiwe tu, gari lishushwe abiria palepale.

Mabadiliko mengine yanaua. Nakubali, na ndiyo sababu naandika kwa hasira. Kama mabadiliko kwenye gari yanaweza kuua, kwa nini ukaguzi wake tumeuachia macho ya mtu mmoja aliyesimama juani, asiye na kifaa hata kimoja mkononi cha kumwambia kipi kinaua na kipi ni urembo?

Hebu tuangalie mambo ambayo serikali hii hii imeamua kuyapima.

Inapima mwendo. Trafiki akikupiga tochi, kuna namba ya kilomita kwa saa, na unaweza kudai uoneshwe picha. Unaweza kuichukia tochi, wengi wetu tunaichukia, lakini inasema namba. Ulikuwa kwenye 50 ukaenda 68, imeandikwa.

Inapima uzito. Lori linapanda mizani, linapimwa ekseli kwa ekseli, na karatasi inatoka. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56, na hakuna ofisa wa mizani anayelitazama lori kwa mbali na kusema, "Naona kama limezidi." Mnakumbuka Oktoba 2013? Dk. John Magufuli, akiwa Waziri wa Ujenzi, alifuta msamaha wa asilimia 5 ya uzito uliozidi. Wasafirishaji wakagoma, malori yakasimama, mpaka Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaingilia kati. Sitaki kuamua leo nani alikuwa na haki. Ninachotaka uone ni hiki: waligombana kwa sababu palikuwa na namba ya kugombania. Asilimia 5 ilibishaniwa mezani na watu wakaelewana. Jicho la afande unalibishia wapi?

Kwa hiyo mwendo tunapima. Uzito tunapima. Breki je?

Breki tunazitazama.

Narudia, maana hapa ndipo watu wetu wanapofia: breki tunazitazama kwa macho. Mkaguzi anamwambia dereva akanyage, taa ya nyuma inawaka, basi breki zipo. Au haulizi kabisa. Anaangalia kama kuna stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo, akiiona anapunga mkono, pita. Stika! Wangapi mnaosoma hapa mlipata stika ile bila fundi yeyote kuingia chini ya gari? Msinijibu mimi, jijibuni wenyewe.

Sasa sikiliza matokeo.

Februari 24, 2024, pale Ngaramtoni nje kidogo ya Arusha, kwenye barabara ya Namanga, lori lilishindwa breki likayagonga magari mengine. Watu 25 wakafa. Juni 2025 ikawa zamu ya Mbeya, mteremko wa kuelekea Mbalizi: lori likashindwa breki, likalivaa basi dogo la abiria. Watu 28. Mbeya hiyohiyo, Julai 2018, lori lilishuka mlima bila breki likaua watu 20. Jumla ya matukio hayo matatu ni watu 73, na mimi sijaigusa miteremko mingine ya misiba: sijaigusa Kitonga, sijaigusa Senjele, sijaigusa Inyala.

Hakuna hata mmoja kati ya hao 73 aliyeuawa na kioo chenye tinted. Hakuna aliyeuawa na rimu pana.

Madereva wa malori wanajua vizuri kuliko mimi kinachotokea. Breki za gari kubwa ni za upepo. Upepo ukivuja kwenye gurudumu moja la tela, kuna fundi wa njiani ataliziba bomba lake la upepo ili safari iendelee, na tangu hapo gurudumu hilo halina breki tena. Wiki ijayo linazibwa la pili. Tajiri anataka mzigo ufike, dereva anataka posho, fundi anataka hela yake. Ukifika mteremko mrefu, magurudumu machache yaliyobaki na breki yanabeba kazi ya yote, yanapata moto, yanatoa moshi, yanagoma. Dereva akiwa ameweka nyutro ili abane mafuta, mambo yameisha.

Hayo nayo ni mabadiliko kwenye gari! Kuziba bomba la upepo ni kulibadilisha gari. Kuongeza majani ya springi ili tipa libebe kuliko lilivyoundwa ni kulibadilisha gari. Kutoboa sakafu ya basi dogo na kufunga siti za ziada kwa boliti za dukani ni kulibadilisha gari. Ila mabadiliko haya hayang'ai. Hayapigi kelele. Hayaonekani ukiwa umesimama dirishani kwa dereva. Macho ya binadamu yanakwenda kwenye kinachong'aa, na kila siku yanamwandikia mwenye IST ya rangi ya machungwa.

Nilishuhudia jambo hili nikiwa nimesimamishwa kwenye barabara moja kubwa, na trafiki wa siku hiyo simtaji. Mbele yangu palikuwa na kijana mwenye IST, vioo vyeusi, gari limeshushwa chini, bomba la moshi limebadilishwa. Alikuwa nje ya gari, mikono nyuma, anajieleza. Tukiwa pale likapita tipa la mchanga. Tairi zake za nyuma zilikuwa vipara. Moja nyuzi zimechomoza pembeni, nimeziona kwa macho yangu, na mchanga unamwagika barabarani kwa sababu mlango wa nyuma umefungwa kwa waya. Dereva wa tipa akatoa mkono dirishani akapunga. Afande naye akapunga. Tipa likapita. Kijana wa IST akaandikiwa.

Nani kati ya wale wawili angeweza kumuua mwanao anayevuka barabara kwenda shule?

Usiniambie hujui kwa nini tipa lilipita. Unajua. Sote tunajua. Dereva wa tipa anapita pale kila siku, ameshaonana nao. Konda wa daladala naye ameshaonana nao. Utamwona anaruka kabla gari halijasimama, anakimbilia nyuma na leseni ya dereva mkononi, noti imekunjwa ndani ya leseni. Sekunde ishirini amerudi, anagonga bodi, "Twende!" Na sisi abiria tunakaa ndani tunatazama simu. Gari lile lile ambalo lingekaguliwa kwa ajili ya usalama wetu limeruhusiwa kwa buku tano, na sisi tuliomo ndani tumenyamaza.

Hapo ndipo ubaya wa mamlaka yasiyo na kipimo unapoonekana. Watu wanadhani ubaya wake ni faini. Faini ni kidogo. Ubaya wake ni kwamba kosa lisilo na kipimo lina bei ya kujadiliana. Afande anasema ni makosa matatu, yaani Sh90,000. Wewe huna namna ya kuthibitisha ni moja wala kwamba hakuna kabisa. Anakaa kimya kidogo, anatazama barabara, kisha anauliza, "Sasa kiongozi, tunafanyaje?" Lile swali limetengenezwa na sheria isiyo na kipimo. Kama angekuwa na kifaa kinachoonesha namba, swali lingekosa pa kusimama: umevuka, lipa, hujavuka, safari njema.

Serikali yenyewe inajua faini hizi zinauma. Kwenye bajeti ya mwaka 2021/22 ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000, kwa sababu iliona mtu anaandikiwa faini inayozidi anachopata kwa siku nzima. Vizuri, tulishukuru. Lakini kushusha bei ya kosa ambalo halijapimwa hakulifanyi liwe limepimwa. Bodaboda aliyekuwa anaonewa kwa elfu thelathini sasa anaonewa kwa elfu kumi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wapo trafiki waadilifu. Nimewaona wakivusha watoto wa shule kwenye mvua, nimewaona wakikataa noti na kuandika kosa halali. Hawa nao wanaumizwa na mfumo huu, kwa sababu askari mwadilifu asiye na kifaa hana tofauti machoni pa dereva na askari mla rushwa asiye na kifaa. Wote wawili wanasema "naona". Mpe kifaa, umemtenga mwema na mbaya. Tafiti za TAKUKURU kuhusu hali ya rushwa nchini zimeliweka Jeshi la Polisi juu kabisa katika orodha ya taasisi zinazolalamikiwa. Askari mwema anastahili kulindwa dhidi ya aibu hiyo, na ulinzi wake ni kipimo.

Sasa kuna hili linalonichoma zaidi.

Tinted zinauzwa wapi? Taa kali zinauzwa wapi? Rimu, spoila, mabomba ya moshi yanayonguruma, ngao za mbele? Zinauzwa Kariakoo mchana kweupe. Zinafungwa Gerezani mchana kweupe. Zimepita bandarini, zimelipiwa ushuru, zimetolewa risiti ya EFD. Mwenye duka ana leseni ya biashara ukutani. Hakuna ofisa aliyekwenda kumwambia: taa hii haifai barabarani, usiuze. Serikali inachukua kodi yake kifaa kinapoingia nchini, inachukua kodi kinapouzwa, halafu inamvizia mnunuzi barabarani imchukue faini. Kifaa kimoja, mara tatu!

Kama taa ile inaua, izuieni bandarini. TBS wapo, na ndio wanaosimamia ukaguzi wa magari ya mitumba yanayoingia nchini. Kama haiui, mwacheni mtu na gari lake. Mnataka nini cha katikati?

Na waheshimiwa je? Wewe na mimi tumeshasimama kando ya barabara mara ngapi kupisha V8 nyeusi, vioo vyeusi kuliko usiku, vimulimuli mbele, inapita kushoto kwenye vumbi la watembea kwa miguu? Si msafara wa Rais. Si gari la wagonjwa. Ni mtu na haraka zake. Nani aliwahi kuisimamisha aipime vioo? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sheria inayomwona kijana wa IST na kuipigia saluti V8 imeshachagua upande.

Wenzetu wamefanyaje? Nitatoa mfano mmoja tu, wa Uingereza, walioacha hapa msingi wa sheria zetu nyingi. Kule kioo cha mbele cha gari la kisasa lazima kipitishe mwanga usiopungua asilimia 75, na vya pembeni vya mbele asilimia 70. Mkaguzi anabana kifaa kidogo kwenye kioo, namba inatokea, mnaitazama wote wawili. Ikiwa 69, una kosa. Ikiwa 71, mnaagana. Vioo vya nyuma ya dereva havina ukomo huo, kwa sababu havimzuii kuona barabara mbele yake. Hakuna busara ya ajabu hapo. Ni mtu mmoja aliketi akajiuliza: kioo hiki kinahatarisha nini, na kuanzia wapi? Akaandika namba.

Sisi tunashindwa nini kuandika namba?

Usiniambie ni fedha. Mashine za tochi zimenunuliwa. Mashine za kuchapa faini zimenunuliwa, na mfumo wa kuangalia madeni kwa namba ya gari unafanya kazi usiku na mchana. Ilipokuja kwenye kukusanya, vifaa vilipatikana. Vya kupima breki vinashindikanaje?

Tena mashine ya kupima breki si muujiza. Gari linapandisha magurudumu ya ekseli moja juu ya rola, rola zinayazungusha, dereva anakanyaga breki, na mashine inasoma kila gurudumu limeshika kwa nguvu kiasi gani, la kushoto na la kulia. Gurudumu ambalo bomba lake limezibwa linaonekana hapohapo, haliwezi kujificha. Dakika chache ekseli zote zimeisha. Na malori hatuhitaji kuyatafuta, tayari yanasimama yenyewe kwenye mizani za TANROADS kuanzia Vigwaza hadi Mpemba. Yanapanga foleni. Tunayapima uzito kwa sababu uzito unaharibu lami. Ina maana lami tumeiona ina thamani ya kupimiwa, na watu wanaokaa chini ya mteremko hatujawaona?

Weka rola kabla ya kila mteremko unaojulikana kwa misiba. Lori likishindwa, linabaki pale pale, hata kama tajiri wake anamjua nani. Lakini kijana ambaye taa yake moja imeungua au kioo chake kimezidi, mpe muda arekebishe, alirudishe gari lioneshwe, afutiwe. Kosa linaloua na kosa linalorekebishika kwa dakika kumi hayawezi kubeba adhabu moja ya Sh30,000. Hivi sasa yanabeba. Mwenye taa iliyoungua njiani leo jioni na mwenye lori bovu la miezi sita wanapewa karatasi moja, kisha wote wawili wanaruhusiwa kuendelea na safari! Umelipa, nenda. Nenda ukaue, ila umelipa.

Hiyo faini ilikuwa ya usalama au ya kapu?

Sasa nakugeukia wewe msomaji, maana nimewasema wakubwa na wewe ulikuwa unatikisa kichwa kukubali. Usikubali haraka. Wewe umelala.

Sheria inakupa njia mbili unapoandikiwa: kukiri ukalipa, au kukataa ukaenda mahakamani. Nani kati yetu anakataa? Tunasema mahakama ni mbali, siku itapotea, hesabu ya tajiri inasubiri. Ni kweli, siku itapotea. Lakini kila anayekiri kosa asiloliamini anamfundisha afande kwamba macho yanatosha. Tumewafundisha kwa miaka. Katiba yetu, Ibara ya 13(6), inasema una haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na kwamba mtu asitendewe kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Haikuandikwa kwa ajili ya wenye mawakili peke yao.

Na wewe unayekunja noti kwenye leseni, usijione mjanja. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Lakini acha sheria. Noti yako ndiyo iliyompitisha yule dereva wa tipa. Umelipia gari lako lipite, na kwa bei hiyohiyo umemfungulia njia mwenye tairi za vipara anayekufuata nyuma. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Unaogopa kupoteza nusu saa pembeni ya barabara ukibishana, mwisho wake utapoteza mtu.

Na ninyi abiria. Mnalipa nauli, gari linasimamishwa, konda anakimbilia nyuma, mnatazama simu. Siku gari likikosa breki mtamlaumu dereva. Mlikuwa wapi lilipokaguliwa mbele yenu?

Wabunge wetu nao waamke. Sheria hii ni ya mwaka 1973. Imeongezwa viraka, imepandishwa faini, imepewa mashine za kukusanya. Nataka kumwona mbunge mmoja akisimama kumuuliza Waziri wa Mambo ya Ndani swali jepesi: ukaguzi wa breki kwenye barabara kuu unafanywa na vifaa vingapi, viko wapi, na vimezuia malori mangapi mwaka huu? Swali la nyongeza: kati ya faini zote za ubovu wa gari, ni ngapi zilitokana na kipimo na ngapi zilitokana na macho? Majibu yake yasomwe bungeni, tuyasikie wote. Wananchi wa Mbeya wana haki ya kuyasikia kwanza.

Mpaka siku hiyo ifike, nakuomba mambo machache tu, na yote unaweza kuyafanya kesho asubuhi. Ukisimamishwa, salimia kwa adabu, usitukane, usikimbie. Akisema gari lako limebadilishwa, muulize kifungu gani cha sheria na kipimo gani. Muulize kwa sauti ambayo abiria wenzako wanaisikia. Ukiamini huna kosa, kataa na omba ufikishwe mahakamani. Ukiulizwa "tunafanyaje", jibu: andika. Kama gari lako lina breki mbovu, lipeleke kwa fundi kabla hujadai haki yoyote kwa mtu yeyote. Na ukiombwa noti, kumbuka jina kwenye sare, mahali na saa, kisha piga TAKUKURU. Namba yao ni 113, haina malipo.